Mkono uliozoea sufuria ya watu kumi na mmoja

Mama mshauri,

Naomba usinicheke, maana jambo langu huenda likaonekana dogo. Mimi ni binti wa miaka 26, nimezaliwa Tanga, kifungua mimba katika nyumba ya watu kumi na mmoja. Tangu nikiwa darasa la sita jikoni nilikuwa mimi. Sasa ni mwaka wa pili niko Dar es Salaam, nimepanga chumba Tabata, kazi yangu ni mapokezi kwenye ofisi moja mjini. Nina jiko la gesi la plati mbili na friji ndogo niliyoinunua kwa mtu aliyekuwa anahama.

Shida yangu ni kwamba kila wiki namwaga chakula. Nikipika wali unabaki, maharage yanachacha, mchicha unaoza sijaugusa. Jumamosi naenda Ilala sokoni narudi na mizigo mikono miwili, ikifika Alhamisi nusu yake iko kwenye ndoo ya taka. Mwezi uliopita mama alinitumia kwa basi kiroba cha machungwa na nazi. Machungwa yakaota ukungu. Nilikwenda kuyatupa usiku ili mke wa mwenye nyumba asinione, na nililia, kwa sababu najua mama aliyalipia nauli.

Wenzangu kazini wanasema kupika peke yako ni hasara, bora mama ntilie. Nimejaribu, mshahara haukunifikisha hata tarehe ishirini. Nikisema nipike kidogo, naona aibu kumwambia muuza genge anipe nyanya mbili. Na moyoni nasikia sauti ya mama: sufuria haikwanguliwi, mgeni akija akute. Nifanyeje nisitupe chakula, nisiishiwe hela, wala nisionekane bahili?

Anayepika Peke Yake, Tabata

Mwanangu. Kwanza futa machozi, kwa sababu jambo hili si dogo na halikupati wewe peke yako. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilieleza katika ripoti yake ya 2024 kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa chakula cha tani bilioni 1.05 majumbani, madukani na mahotelini, na asilimia 60 ya hicho kilitoka majumbani, kwenye ndoo za jikoni kama hiyo yako. Wanaotupa hawakosi akili wala hawana dharau. Wengi wao, kama wewe, hawakuwahi kufundishwa kupika chakula cha mtu mmoja.

Umesoma barua yako mwenyewe? Jibu umeliandika mstari wa pili. Tangu darasa la sita mkono wako umezoea kuchota mchele wa watu kumi na mmoja. Umehama nyumba, mkono haujahama. Unachota kwa mazoea, unaona kidogo, unaongeza konzi moja “usije ukapungua”, na tayari umeshapika chakula cha watu watano. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuacha kuamini mkono kwa muda na kutumia kikombe.

Chukua kikombe kimoja cha chai, kile kikubwa cha kawaida cha robo lita, ukitenge kiwe cha kupimia tu. Kikijaa mchele kinabeba takriban gramu 200. Mtu mzima mmoja mwenye njaa ya kawaida anatosheka na gramu 75 hadi 100 za mchele mkavu, maana ukiiva uzito wake unakaribia mara tatu. Yaani nusu kikombe. Najua utakapouona chini ya sufuria utadhani ni wa kulisha kuku. Upike hivyohivyo. Kwa kipimo hicho kilo moja ya mchele inakupa sahani kumi. Sasa jiulize kilo yako huwa inakwenda siku ngapi, na hapo utajua fedha yako inapotelea wapi bila kuhitaji mtu wa mahesabu.

Kwa ugali anza na kikombe kimoja cha unga kwa vikombe viwili vya maji, kisha ongeza unga kidogo kidogo mpaka ufike ugumu unaoupenda. Maharage makavu, nusu kikombe kwa mlo mmoja yanatosha. Baada ya wiki chache mkono utakuwa umejifunza na kikombe utakirudishia kazi yake ya chai.

Ila kikombe bila sufuria ndogo kitakukatisha tamaa. Nusu kikombe cha mchele katika sufuria pana maji yanakauka upesi, chini unakuwa ukoko na juu unabaki na kiini, nawe utasema “si nilijua, kidogo hakipikiki”. Nunua sufuria moja ya lita moja, yenye kitako kizito na mfuniko unaoshika vizuri. Hiyo ndiyo samani ya kwanza ya mtu anayeishi peke yake, kabla ya kapeti na pazia. Na gesi pia inapona.

Sasa twende sokoni. Kosa la safari yako ya Jumamosi ni kununua vitu vyote kwa utaratibu mmoja. Vikavu na vibichi havina sheria moja. Mchele, unga, maharage, choroko, dagaa wa Mwanza waliokauka vizuri, chumvi na majani ya chai nunua kwa wingi kadiri mfuko unavyoruhusu, kwa sababu bei ya jumla ni nafuu na havikimbii. Viweke kwenye ndoo au makopo yenye mifuniko, mbali na unyevu. Kwa joto la Dar es Salaam wadudu hawachelewi, hivyo usijaze akiba ya zaidi ya mwezi mmoja au miwili. Na unga au karanga zikishapata ukungu usizihurumie. Sumukuvu haifi kwa kuchemsha wala kwa kukaanga, na mwaka 2016 ilisababisha vifo Dodoma na Manyara kwa watu waliokula mahindi yaliyoathirika.

Mboga za majani, nyanya, hoho, bamia na matunda hivyo nunua gengeni, kidogo kidogo, ukiwa unarudi kazini. Hapa ndipo aibu yako inapokugharimu fedha. Mwanangu, genge limewekwa mtaani kwa ajili ya mteja kama wewe. Yule mama ameamka alfajiri, amekwenda Mabibo au Ilala, amenunua tenga, akalilipia nauli, akapanga nyanya mafungu ya tatutatu na nnenne ili mtu mwenye haja ya nyanya tatu asilazimike kununua tenga. Ukimwambia “mama, nipe kitunguu kimoja na nyanya mbili, nitarudi kesho”, hujamdharau. Umemhakikishia mteja wa kesho. Mangi, mwenye duka la mtaani, naye anapima mafuta ya kula kwa kipimo kidogo kwa sababu hiyohiyo. Ni kweli kwa bei ya nyanya mojamoja genge ni ghali kuliko sokoni. Lakini fungu la sokoni unalotupa nusu yake umelinunua kwa bei maradufu, na nauli juu.

Kuna njia ya tatu ambayo naipenda kuliko zote mbili. Katika nyumba za kupanga hakosekani mtu mwingine anayepika peke yake: mwalimu wa chumba cha mwisho, kijana wa bodaboda, dada wa saluni. Changeni. Mmoja aende sokoni, fungu moja mligawane, nauli mgawane. Mkishazoeana, pikianeni kwa zamu: wewe upike Jumanne sahani mbili, yeye apike Alhamisi. Sahani mbili ni rahisi kupika kuliko moja, na kila mmoja anapumzika siku moja jikoni.

Vibichi ulivyokwisha kununua vinahitaji kuangaliwa siku ileile. Mchicha na matembele usivioshe ukiviweka. Ondoa majani yaliyokwisha kulegea, maana moja likioza linayavuta mengine, kisha vifunge kwenye kitambaa kikavu au karatasi uvitie friji chini. Osha wakati wa kupika. Dhania simamisha mizizi kwenye glasi ya maji. Nyanya ngumu zikae nje mpaka ziive, zilizoiva ziingie friji. Zikianza kulegea zote kwa pamoja, zikate, zipike na kitunguu na mafuta kidogo mpaka zikauke, ugandishe kwenye trei ya barafu. Kidonge kimoja au viwili vinatosha kuanzia mboga ya mtu mmoja. Viazi na vitunguu usiviweke kapu moja, viazi vikae gizani, na vikigeuka kijani usivile. Ndizi mbivu ziweke mbali na vinginevyo, kwa sababu hewa inayotoka kwenye ndizi inaivisha matunda ya jirani haraka.

Maharage nitayasemea peke yake kwa sababu umesema yanachacha, na kwa mtu mmoja maharage ndiyo mkombozi. Usipike mboga ya maharage ya wiki nzima. Chemsha maharage ya wiki nzima, ambayo ni kazi nyingine kabisa. Ijumaa usiku loweka vikombe viwili. Jumamosi mwaga maji yale, weka mapya, chemsha yatokote kwa nguvu kwanza, kisha punguza moto mpaka yaive. Usitie nyanya, usitie nazi, usitie kitunguu. Yakishapoa, gawa kwenye vikopo vinne vyenye mifuniko pamoja na supu yake; kimoja kibaki sehemu ya chini ya friji kwa ajili ya Jumapili, vingine vigande sehemu ya juu ya kugandishia. Andika tarehe kwenye kipande cha plasta ubandike. Sasa una maharage ambayo hayajaamua yatakuwa nini. Jumapili utayaunga kwa nazi, Jumanne kwa nyanya na karoti, Alhamisi utayachanganya na wali yawe mseto, na gesi ya kuchemshia umeitumia mara moja tu. Maharage yaliyokwisha kuungwa kwa tui yanawahi kuharibika, na hata yasipoharibika, siku ya tatu utakuwa umeyachoka, na chakula ulichokichoka ndicho kinachoishia kwenye ndoo.

Nazi nayo inafuata njia hiyo. Ikiwa nzima inakaa wiki kadhaa. Ikishavunjwa, kesho yake nje ya friji imeanza kuchacha. Basi siku unapoketi kwenye mbuzi ya kukunia, ikune yote, tumia unayohitaji, iliyobaki ifunge viganja viganja na uigandishe. Ikitoka huko unaitia maji ya vuguvugu na kuikamua kama kawaida.

Nakuja kwenye kiporo, na hapa naomba usome taratibu, kwa sababu kinagusa afya yako kabla ya mfuko wako. Hukusema katika barua wali unaobaki unauweka wapi usiku, lakini nadhani najua: kwenye hotipoti. Nyumba nyingi za Kiswahili zinafanya hivyo na zinadhani zinakihifadhi chakula. Bakteria wa chakula wanastawi kati ya nyuzi joto 5 na 60. Hotipoti inakilinda chakula kwa saa chache za mwanzo kikiwa bado cha moto kweli. Baada ya hapo kinashuka taratibu, na usiku kucha kinabaki na uvuguvugu uleule ambao bakteria wanautaka. Asubuhi unafunua, mvuke umetanda kwenye mfuniko, wali umeanza kuvutika na una harufu ya mbali. Huo tayari ni wa kumwaga, hata ukiupasha. Katika mchele kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye mbegu zake zinastahimili kuchemka, zinaamka wali ukikaa na uvuguvugu, na mojawapo ya sumu zake haiondoki kwa moto wa pili. Wale wanaosema “nimeupasha ukachemka lakini tumbo likanisokota” hawasingizii.

Fanya hivi. Umeshapakua? Kinachobaki kitandaze kwenye sahani pana au sinia kipoe upesi, funika kwa kawa au kitambaa safi, na kabla ya saa mbili kupita tangu kiive kiwe kimeingia kwenye friji ndani ya chombo chenye mfuniko. Wali ule kesho yake. Mboga na mchuzi vinaweza kufika siku ya tatu. Pasha mara moja tu, chote unachokula, mpaka kifuke moshi katikati na siyo pembeni tu. Wali unaojua utabaki usiutie nazi. Pika mweupe, tui liende kwenye mboga, kwa sababu wali wa nazi unawahi kuchacha. Na umeme ukikatika, acha kufungua friji kuchungulia. Friji iliyofungwa inashika baridi kama saa nne, sehemu ya kugandishia ikiwa imejaa inashika zaidi. Umeme ukichelewa kurudi, anza kula au kugawa kabla saa hizo hazijapita.

Kiporo kilichotunzwa hivyo hakina unyonge wowote. Wali uliokaangwa asubuhi na kitunguu na yai, ukashushiwa chai ya tangawizi, ni kifungua kinywa kizuri kuliko mkate wa kununua. Ukiloweka mchele wa vitumbua, wali uliobaki husagwa humohumo na vinatoka laini. Ugali uliolala ukate vipande ukaange kwa mafuta kidogo. Chapati ya jana ichane, iunge na nyanya na hoho. Ushauri wangu ni upange kiporo: siku unayopika, pika kikombe kizima, cha leo na cha kesho asubuhi, kwa kujua. Kinachokuumiza wewe ni kile kinachobaki bila kutarajiwa na hakina siku yake ya kuliwa.

Wenzako kazini hawajakosea kabisa kuhusu mama ntilie. Kuna vyakula ambavyo mtu mmoja hapaswi kuvihangaikia: makande, utumbo, supu ya kongoro. Vinakula gesi kwa masaa, na kiasi kidogo hakina ladha. Hivyo nunua sahani kwa mama ntilie siku ukivitamani, mara moja kwa wiki, na usijione umeshindwa. Lakini kumfanya yeye jiko lako la mchana na jioni, siku zote, umeshaona mwenyewe tarehe ishirini ilikukuta na nini.

Limebaki la mama na mgeni, nami nadhani ndilo zito kuliko yote. Unapokwangua sufuria unahisi umevunja agizo la nyumbani. Mama yako alisema kweli kwa nyumba yake. Katika nyumba ya watu kumi na mmoja, sahani ya ziada haitupwi: kuna kijana aliyechelewa mpirani, kuna jirani, kuna mjomba anayepita. Hodi zinapigwa. Chumbani kwako Tabata siku ya kazi saa mbili usiku nani atapiga hodi? Ukiendelea kumpikia mgeni asiyekuja utakuwa unaupikia upweke wako, na kila asubuhi utaumwaga ukiwa na uchungu. Heshima ya mgeni iweke namna nyingine. Kopo moja la maharage liwe limeganda juu, mayai mawili, unga ndani ya ndoo. Mgeni akitokea, nusu saa haiishi anakula cha moto. Na usimsubiri tu; mwalike. Jumapili moja kwa mwezi toa sufuria kubwa, pika kwa mkono wako ule wa Tanga bila kikombe, waite wenzako wa kazini na mke wa mwenye nyumba, wale mpaka washibe. Bahili hafanyi hivyo, na hakuna atakayekuita jina hilo.

Ukiwa peke yako pia keti mezani ule vizuri. Pakua kwenye sahani, usile ndani ya sufuria umesimama. Mtu anayejipakulia anaona anakula kiasi gani.

Kuhusu mzigo wa nyumbani, mpigie mama simu wiki hii kabla hajakwenda tena stendi. Usimwambie aache kutuma, utamvunja moyo. Mwambie machungwa yanakuwa mengi kwa mtu mmoja, atume kumi na mbili, na nafasi iliyobaki ndani ya kiroba aweke nazi nzima, makopa makavu, choroko na samaki wa kukaushwa. Mzigo ukifika, ufungue jioni ileile hata kama umechoka: machungwa yatoe kwenye kiroba, yapanguse, yapange yasigusane, lenye doa lianze kuliwa. Yanayozidi yapeleke ofisini asubuhi yakiwa bado mazuri, weka pale mapokezi, waambie watu: “Jichukulieni, yametoka Tanga kwa mama yangu.”